Walimkumbuka Kuku, Wakamsahau Mjomba

Habari hii ni ya kweli. Familia yenyewe naifahamu kwa karibu, na waliponiruhusu kuisimulia waliniomba jambo moja tu: majina yao yasitajwe. Wanataka wengine wajifunze kabla hawajafika walipofika wao. Nami naiandika nikijua kwamba kosa lao ni la watu wema. Walimpenda bibi yao. Walimnunulia dawa, walimjengea chumba chenye sakafu ya saruji, kila likizo walimpelekea sukari na kanga mpya. Walimsikiliza pia, tena kwa furaha. Lakini walimsikiliza kama msimulizi wa hadithi, na kumbe muda wote alikuwa akitoa ushahidi. Hapo ndipo walipoangukia, na mimi na wewe tunaweza kuangukia hapo hapo.

Shina la nyumba

Bibi aliishi upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, huko Matombo, mkoani Morogoro. Ni nchi ya miteremko mikali, migomba, mihogo na mpunga wa mlimani, na siku hizi karafuu, mdalasini na pilipili manga. Kwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa kupitia wanawake, wajomba wakiwa wasimamizi. Mtu wa ukoo mwingine anaweza kuazimwa kipande akalima hata kwa miaka mingi, akitoa kitu kidogo cha heshima kuonyesha kwamba anamjua mwenye ardhi.

Kwa hiyo, katika nyumba kama ile, mwanamke aliye mzee kuliko wote ndiye shina. Akijua mama yake alikuwa nani, na mama wa mama yake, na ni mjomba gani alisimamia shamba lipi, basi amejua haki ya kila mtoto aliyezaliwa chini yake.

Hakuna aliyeandika mwaka wake wa kuzaliwa. Yeye alisema kwamba vita ya Wajerumani na Waingereza ilipofika milimani, alikuwa binti mdogo aliyeweza kumbeba mdogo wake mgongoni. Waingereza waliingia Morogoro mjini mwezi Agosti 1916. Wajerumani na askari wao wakarudi nyuma kuelekea kusini, wakipita pande zote mbili za milima, na jeshi la Kiingereza likawafuata kwa barabara iliyopasuliwa kutoka Mikese. Binti anayebeba mwenzake huwa na miaka minane au tisa. Kwa hesabu hiyo, Bibi alizaliwa karibu na mwaka 1908, muda mfupi baada ya reli ya kutoka Dar es Salaam kufika Morogoro. Alifariki mwaka 1993, akiwa amewazika watoto wake kadhaa na kuwaona vitukuu.

Alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Katika ujana wake alibeba ndizi kichwani mpaka Morogoro, safari ya kulala njiani. Mbegu zake alizihifadhi darini juu ya meko, ambako moshi uliwafukuza wadudu, na hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuzigusa. Katika miaka ya 1950 alichimba matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuyachimba, na alieleza kwa nini waliyachukia: udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na jembe liliupindua na kuleta juu udongo usioota kitu. Mwaka 1955 watu walipokataa, ghasia zilizuka Matombo na polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Bibi alikuwako wakati huo, mwanamke mzima mwenye watoto. Alijua ni nani walikimbilia msituni na ni nani waliwapelekea chakula.

Hayo yote aliyasema jioni, kando ya moto. Hakuficha kitu. Familia hii haiwezi kusema kwamba mzee wao alikuwa msiri.

Hadithi iliyopendwa

Kulikuwa na hadithi moja ambayo watoto waliipenda kuliko zote. Asubuhi moja askari walifika kijijini wakitafuta chakula na watu wa kubeba mizigo. Mama yake Bibi alimwambia akimbie porini na mdogo wake. Binti akafika ukingoni mwa shamba, akamkumbuka kuku aliyekuwa ameatamia. Akarudi mbio, akamfunika kuku kwa chungu kikubwa, akakalia chungu hicho. Askari mmoja akasimama mbele yake akamuuliza kuna nini chini ya chungu. Binti akajibu, "Ndui." Askari akaondoka bila kugeuka nyuma.

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Waliomba irudiwe. Wengine walijifunza kuiigiza, mmoja akiwa askari, mwingine akikalia sufuria.

Lakini Bibi hakuishia hapo. Siku ile ile, alisema, walimkamata mjomba wake, kaka wa mama yake, wakambebesha mzigo, na hakurudi tena. Vita ile ilikokota wapagazi kwa mamia ya maelfu katika Afrika Mashariki nzima, na wengi wao waliuawa na njaa, kuhara na homa. Mjomba huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa bonde la chini, kando ya mto. Alipopotea, dada yake alibaki na watoto wadogo na hakuwa na nguvu za kulima kote. Ndipo bonde likaazimwa kwa jirani wa ukoo mwingine, mbele ya mashahidi, kwa sharti kwamba siku watoto watakapokua litarudi. Sehemu ilirudi Bibi alipokuwa msichana. Baadaye aliolewa na kijana wa ukoo huo huo wa jirani, na tangu hapo pande zote mbili zikalima bonde bila ugomvi, kwa kuwa kila mtu alijua mwenyewe ni nani.

Bibi alimtaja mjomba kwa jina. Aliwataja mashahidi kwa majina. Alitaja mkuyu wa mpakani, na makaburi ya ukoo yaliyopandwa mbono karibu na njia. Wakati huo watoto walikuwa wameshainuka kwenda kuiga kuku na askari, na wakubwa walikuwa wakizungumza mambo ya bei ya mbolea na ada za shule.

Dalili walizozipuuza

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu dalili zilikuwa nyingi na zote zilikuwa wazi. Kila nyumba yenye mzee huziona.

Dalili ya kwanza ilikuwa kurudia. Katika miaka yake ya mwisho Bibi aliisimulia habari ya vita karibu kila ugeni ulipoingia. Familia ilisema ni uzee. "Hiyo umeshatuambia, Bibi," wakamkatiza kwa upole, mara nyingi pale pale kuku alipookoka. Kitukuu mmoja, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, aliniambia kwamba alipokuja kutafakari aligundua jambo moja: Bibi hakurudia kila kitu. Hakurudia habari za harusi yake wala za safari za Morogoro. Alirudia ile iliyokuwa na bonde ndani yake. Mzee anaporudia jambo moja na kuacha mengine, tumuulize ni nini humo anachoogopa kitapotea.

Dalili ya pili ilikuwa namna utani ulivyofunika maneno yake. Kama ilivyo desturi, Bibi na wajukuu walikuwa watani. Wavulana aliwaita "mume wangu," wasichana "mke mwenzangu." Utani huu ni mali kubwa, ndio unaomfanya mtoto asimwogope mzee. Lakini kwao ulizaa mazoea ya kulichukulia kila neno la Bibi kama mchezo. Aliposema, "Mume wangu, nikifa hili bonde litakutoa jasho," kijana alijibu, "Basi usife, mke wangu," na wote wakacheka. Neno lilikuwa zito, likapita kama utani. Tuendelee kutaniana na bibi zetu, lakini tusikilize pale sauti inapobadilika.

Dalili ya tatu ilikuwa lugha. Bibi aliwaza na kusimulia kwa Kiluguru. Vitukuu walikulia Morogoro mjini na Dar es Salaam, na walikielewa nusu nusu. Kwa kuwapenda, akaanza kuwasimulia kwa Kiswahili, ambacho hakukimudu vizuri. Kila alipofanya hivyo, hadithi ilifupika. Kuku alibaki, kwa sababu kuku hana shida kumweleza. Vilivyopungua ni majina ya vijito na vilima, uhusiano wa koo, na maneno ya makubaliano jinsi yalivyosemwa siku ile. Hakuna mtu mzima aliyekaa katikati awe mkalimani. Wazazi walikijua Kiluguru vizuri, ila walidhani watoto wanaelewa.

Dalili ya nne ilikuja mwaka 1990, alipofariki mtu wa rika lake, mwanamke waliyecheza naye na kuolewa wakati mmoja. Baada ya mazishi Bibi alisema, "Sasa nikikosea, nani atanisahihisha?" Watu walimfariji kwa msiba. Hawakuona kwamba alikuwa amewaambia jambo kubwa kuhusu kumbukumbu: habari ya mzee mmoja ina nguvu pale anapokuwapo mwingine wa kuithibitisha. Shahidi wa pili alikuwa ameondoka, na wa kwanza alikuwa akiwaonya.

Dalili ya tano ilikuwa ombi. Mwaka uliofuata, macho yake yakiwa yameshaanza kufunga kwa mtoto wa jicho, aliomba apelekwe bondeni. "Nipelekeni nikawaoneshe, ningali naona mkuyu." Wakamwambia wasubiri mvua ipite. Mvua ikapita, wakasema Krismasi, ndugu wote watakapokuja. Krismasi ikafika na pilau na soda na wageni wengi, na hakuna aliyekumbuka. Bibi hakudai tena. Mwaka uliofuata miguu haikumruhusu kuteremka mteremko ule.

Dalili ya sita ndiyo inayonitia hofu zaidi mimi binafsi, kwa sababu karibu kila ukoo tunaoujua unaishi nayo. Kila mtu alisema, "Yupo anayejua." Mwana mkubwa wa Bibi alikuwa katekista, mtu makini mwenye mwandiko mzuri, na iliaminika kwamba yeye ameyaandika yote. Alifariki mwaka 1992, mwaka mmoja kabla ya mama yake. Katika sanduku lake walikuta vitabu vya sala, stakabadhi na barua. Habari za ukoo hazikuwamo. Labda naye alidhani yupo mwingine anayejua. Hata baada ya msiba huo Bibi aliishi miezi mingi akiwa na akili timamu, na hakuna aliyekwenda kukaa naye na daftari.

Mistari michache ya wasifu

Siku ya mazishi ya Bibi, kama kawaida yetu, palihitajika wasifu wa marehemu wa kusomwa mbele ya watu. Usiku wa kuamkia mazishi vijana wawili walikaa na karatasi wakaanza kuuliza. Marehemu alizaliwa mwaka gani? Hapana jibu. Baba yake ni nani? Wakapata jina moja la utani. Mama yake? Mmoja alitaja jina, mwingine akasema hilo ni la shangazi. Alizaliwa wa ngapi? Kimya. Waliandika kwamba aliolewa na fulani, akajaliwa watoto kadhaa, alipenda watu na alikuwa mcha Mungu. Karatasi ikasomwa ikaisha kabla watu hawajatulia kwenye viti.

Mwanamke aliyekuwa ameishi miaka kama themanini na mitano, kupitia vita mbili za dunia na tawala tatu, alielezwa kwa maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote. Wengi waliondoka wakisema mazishi yalikuwa mazuri. Mjukuu mmoja aliniambia kwamba alilia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni.

Pengo lilivyojazwa

Hapo wangeweza bado kujirekebisha. Wazee wachache wa vijiji vya jirani walikuwa hai. Badala ya kuwatafuta, familia ilijaza pengo kwa mawazo yao.

Mwaka 2003, katika kumbukumbu ya miaka kumi, waliamua kuchapisha kijitabu cha kurasa chache chenye habari za Bibi. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa na vipande tu: kuku, askari, bonde, ndoa. Akaviunganisha. Aliandika kwamba Bibi alikuwa binti wa chifu. Aliandika kwamba mumewe alimpenda mno hata akampa bonde la mtoni kuwa zawadi ya ndoa. Ilipendeza. Watu walipiga makofi. Nakala zikagawiwa kwa ndugu, majirani na wageni wote.

Hapakuwa na mtu wa kusema, "Hapana, sivyo alivyosema Bibi." Waliosikia sehemu ile ya hadithi hawakuwa na uhakika, na ambao wangekuwa na uhakika hawakuwapo. Nasi tujitazame. Mara ngapi tumempamba marehemu kwa heshima asiyoihitaji, kwa kuwa heshima yake halisi hatukuijua? Uongo wa mapenzi nao ni uongo, na siku moja mtu ataukuta umeandikwa.

Siku ya baraza

Bei ya karafuu ilipopanda, bonde ambalo zamani lilikuwa la mpunga na migomba likawa la thamani. Mwaka 2012 wajukuu wa upande wa jirani, yaani ukoo wa mume wa Bibi, walipeleka shauri kwenye baraza la kata. Walisema bonde ni la ukoo wao, kwamba Bibi alililima kwa sababu alikuwa mke wao, na kwa kuwa mke na mume wote wamefariki, watoto wa ukoo mwingine waliachie.

Familia ya Bibi ilikwenda na uhakika wa mtu aliyezaliwa juu ya ardhi hiyo. Walipoulizwa bonde lilifikaje kwao, walisema ni la ukoo tangu zamani. Mama wa Bibi aliitwa nani? Majina mawili yakatajwa. Nani alikuwa msimamizi kabla ya Bibi? Mjomba aliyechukuliwa vitani. Anaitwa nani? Hawakujua. Alipopotea, bonde liliazimwa kwa nani, mbele ya mashahidi gani? Hawakujua. Yale makaburi yenye mbono ni ya akina nani? Walijua mawili kati ya yote. Mzee mmoja wa familia alianza kusimulia habari ya askari na chungu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, na wajumbe walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Lakini kuku haoneshi mpaka.

Kisha upande wa pili ukatoa kijitabu. Kikasomwa kwa sauti: mumewe alimpa bonde kuwa zawadi ya ndoa. Kama mume ndiye aliyetoa, basi bonde lilikuwa la ukoo wa mume. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa na familia ya Bibi wenyewe, na picha ya watoto wake ilikuwa kwenye jalada.

Siwalaumu wajumbe, waliamua kwa kilicholetwa mbele yao. Wala siwaiti wale wa upande wa pili wezi. Inawezekana kabisa kwamba nao walisahau, kama walivyosahau hawa, na kila upande uliamini kile kilichobaki midomoni. Sehemu kubwa ya bonde ilikwenda.

Miezi kadhaa baadaye mjukuu mmoja alikwenda parokiani kutafuta cheti chake cha ubatizo kwa ajili ya ndoa ya mwanawe. Alipokuwa akisubiri, akaomba daftari la zamani lifunguliwe kwa jina la Bibi. Bibi alibatizwa akiwa mtu mzima, na katika mstari wake yaliandikwa majina ya wazazi wake wote wawili na kijiji walichotoka. Jina la mama lilikuwapo muda wote, mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani. Muda wa siku 45 wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha zamani.

Hasara iliyo kubwa kuliko shamba

Mtu anaweza kusoma habari hii akadhani funzo lake ni la ardhi peke yake. Ardhi ni sehemu. Kitukuu niliyemtaja ana binti aliyepewa jina la Bibi. Binti huyo ameanza kuuliza: nimeitwa kwa jina la nani? Alikuwa mtu wa namna gani? Mama yake anamsimulia kuku, na mtoto anacheka kama walivyocheka wengine. Akiuliza zaidi, mama hana cha kuongeza. Hawezi kumweleza jinsi mwanamke yule alivyokua bila mjomba katika ukoo unaotegemea wajomba, jinsi alivyosimama wakati wa matuta, wala alichofundishwa na mama yake ambaye hata jina lake walilipata kwenye daftari la kanisa.

Wanawake wa vijijini wako katika hatari kubwa zaidi ya kusahauliwa hivi. Kodi ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Barua ziliandikwa na wanaume. Hata tunapouliza historia ya ukoo, tunamwendea babu, na bibi anaendelea kupepeta mchele nyuma ya nyumba huku akisikia babu akikosea majina.

Wala tusijipe udhuru kwamba haiwezekani. Siti binti Saad alizaliwa katika familia maskini kijijini Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji. Leo tunayajua maisha yake ya shambani kwa kuwa mwandishi Shaaban Robert alimfuata na kumuuliza muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950, kisha akaandika wasifu wake. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ilikuwa imepita miaka sitini na zaidi, na bado walikusanya mengi yasiyokuwamo katika maandishi ya Wajerumani. Katika habari zote mbili, hakuna miujiza iliyotumika. Mtu alikwenda, akauliza, akaandika, wakati wenye habari wangali hai.

Tufanye nini

Tuanze na majina. Kabla ya hadithi yoyote, pata jina la mama wa mzee wako, la mama wa mama huyo, la baba, la wajomba na mashangazi, na mahali kila mmoja alipozikwa. Hadithi nzuri hujitunza kwa sababu watu huipenda. Majina hayana mlinzi ila kalamu.

Tuulize kwa lugha ya mzee. Kama hatuijui vizuri, tumkalishe karibu anayeijua. Tusimlazimishe bibi atafsiri maisha yake mwenyewe.

Miaka tuitafute kwa matukio. Mzee anaweza asijue mwaka, lakini anajua kama reli ilikuwa imefika, kama rupia ilikuwa bado inatumika, kama alikuwa ameshaolewa wakati wa matuta, kama mtoto wake wa pili alikuwa mgongoni siku ya Uhuru. Kutoka hapo mwaka unapatikana, au unakaribiwa.

Tuwakutanishe wazee wawili wa rika moja na kuwaacha wabishane. Katika ubishi wao habari husafika. Kisha tutembee nao: mkuyu, kijito, makaburi, mahame. Mguu wa mzee ukikanyaga mahali, hukumbuka mambo ambayo hakuyakumbuka akiwa kwenye kiti.

Simu zetu zinarekodi sauti, na ni neema ambayo kina Bibi hawakuipata. Lakini simu huibiwa, hudumbukia majini, hujaa na kufutwa. Sauti ikisharekodiwa, iandikwe kwenye daftari, na daftari liwe na nakala katika nyumba ya pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na habari za wazee ni mali. Twende pia kwenye madaftari ya ubatizo, ya shule, ya mahakama za zamani. Na kama ardhi ya ukoo iko kijijini, tusiishie kwenye kumbukumbu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na mzee anayejua mipaka ndiye shahidi bora wakati wa kuipima.

Tuulize kwa adabu. Mambo mengine humuuma mzee, na ana haki ya kuyaacha. Asiposema leo, tusimbane. Tukirudi mara kwa mara, huenda siku moja akasema mwenyewe.

Na tusilolijua, tuache nafasi tupu. Tuandike wazi kwamba hapa hatujui. Nafasi tupu humwita mjukuu mwingine aje atafute, na uongo mtamu humwambia kwamba kazi imeshakwisha.

Familia ile sasa wana daftari. Wamewatembelea wazee waliobaki, wamepata majina kadhaa ya ukoo, na makaburi yote yaliyotambuliwa yameandikwa. Jina la mjomba aliyechukuliwa vitani hawajalipata, na katika ukurasa wake wameacha mstari bila kuujaza. Ndugu msomaji, kama una bibi au mama wa bibi aliye hai, usisubiri likizo wala harusi. Mwendee wiki hii, na akianza ile hadithi uliyoisikia mara nyingi, kaa mpaka amalize.